Deni Kwanza, Mshahara Baadaye

Mhadhara kwa wanachama wa ushirika wa akiba na mikopo, Dar es Salaam

Tangazo liliomba mje na wenza wenu. Naona wengine wamekuja peke yao. Karibuni vilevile, ila mtakuwa na kazi ya kusimulia mkifika nyumbani.

Katibu aliponipigia simu aliniomba nije na kanuni. Alikuwa ameiona ile ya asilimia 50, 30 na 20: nusu ya kipato iende kwenye mahitaji, 30 kwenye mambo ya kujifurahisha, 20 kwenye akiba na kulipa madeni. Kanuni hiyo ilienezwa na Wamarekani wawili, Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, katika kitabu chao cha mwaka 2005. Kwa mtu wa kwao, mwenye ajira na mshahara unaoingia kwa tarehe inayojulikana, sina ugomvi nayo. Lakini sikuja nayo leo.

Wenye mshahara humu ndani mnajua kwamba unapofika benki umeshatafunwa. Aliyesomeshwa kwa mkopo, Bodi ya Mikopo imeshakata asilimia 15. Ushirika huu umekata rejesho lake, benki imekata lake, na kinachomwokoa mtumishi wa umma ni ule utaratibu wa serikali kwamba abaki angalau na theluthi moja ya mshahara. Mtu huyo ukimwambia atenge asilimia 20 atakuuliza: asilimia 20 ya kipi? Na wengine wengi hapa hamna mshahara kabisa, mnalipwa na siku. Jana ilikupa, leo imekunyima.

Ila sababu kubwa ya kuiacha ile kanuni ni nyingine. Katika kukagua vitabu vya vikundi na kukaa kwenye vikao vya kusuluhisha wanachama na wenza wao, bajeti nyingi nilizoona zikivunjika hazikuvunjwa na bei ya unga. Zilivunjwa na deni la mmoja ambalo mwenzake hakulijua. Kwa hiyo nasema hivi: kama kuna siku mtaamua kuzungumza habari za fedha nyumbani, anzeni na madeni. Nani anapata kiasi gani, hilo linaweza kungoja. Katika nyumba nyingine linaweza kungoja miaka, na nyumba ikasimama.

Najua wanaofundisha bajeti huanza upande wa pili. Huwaambia mume na mke waweke mapato yao yote mezani, wajumlishe, kisha wagawe. Kwenye karatasi inapendeza. Nyumbani, kikao hicho huisha kwenye mstari wa kwanza.

Chukueni nyumba moja ya kubuni, ingawa kila kipande chake nimekikuta mahali. Chumba na sebule, Tandika. Baba Nuru anaendesha bodaboda ya mkataba: kila jioni anapeleka 10,000 kwa tajiri, na siku mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Ikiharibika katikati, matengenezo ni juu yake. Siku ya kawaida anaingiza 27,000. Toa hesabu ya tajiri, toa mafuta ya 7,000, anabakiwa na 10,000. Mama Nuru anakaanga vitumbua alfajiri na kuuza uji hadi saa nne asubuhi, faida yake 4,000, siku nzuri 5,000. Watoto wawili wanasoma shule ya serikali. Kodi ni 60,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba hataki kusikia habari za mwezi. Anataka miezi sita kwa mkupuo, 360,000.

Kabla hajawasha pikipiki, Baba Nuru anaacha 7,000 mezani. Hiyo ndiyo hela ya matumizi, na mwenye kuiendesha ni Mama Nuru. Inakwenda dukani kwa Mangi kwa unga na sukari ya robo na mafuta ya kupima, inakwenda gengeni kwa fungu la nyanya na dagaa, inanunua mkaa wa kopo na ndoo mbili za maji, inawapa watoto ya kula shuleni, na jioni ikibaki inaingia LUKU. (Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye umeme, kwa hiyo mpangaji anaweza kujikuta anamlipia mwenye nyumba kodi ya serikali bila hata kuambiwa ahsante.) Anayenunua kwa robo na kopo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, Mama Nuru analijua hilo kuliko mhadhiri yeyote, na hana la kufanya kwa sababu hela yenyewe inakuja kwa vipande.

Sasa kodi. Shilingi 360,000 kwa miezi sita ni 2,000 kila siku kwa siku 180. Nani anaiweka? Baba Nuru anabakiwa na 3,000 baada ya kuacha ya mezani, na Mama Nuru anaamini kwamba humo ndimo kodi ilimo. Mama Nuru naye anacheza mchezo, kila siku 2,000 kwa kijumbe, na Baba Nuru anaamini kwamba ule mchezo ndio kodi. Hawajawahi kuulizana. Ukweli ni kwamba 3,000 ya Baba Nuru inaishia kwenye chakula cha kijiweni, vocha, na mama yake mzazi aliyeko Masasi. Na mchezo wa Mama Nuru una shabaha yake: anataka friza auze barafu. Kila mmoja ameiweka kodi kwenye mfuko wa mwenzake, na wote wanalala usingizi.

Hadi hapo bado kuna amani. Kisha injini ikagoma. Fundi anataka 200,000, na pikipiki ikilala siku tatu tajiri anaweza kuichukua. Baba Nuru akaenda kwa wale jamaa ambao mtaani mikopo yao inaitwa kausha damu. Fomu moja, picha mbili, orodha ya vitu vya ndani, mdhamini mmoja wa kijiweni, na hela ikatoka siku hiyohiyo. Rejesho 10,000 kila siku, siku 26. Zidisheni: 260,000. Riba ya asilimia 30 ndani ya mwezi mmoja. Nyumbani hakusema neno. Aliona ni wiki nne tu, atajinyima, zitapita.

Asubuhi ya tatu Mama Nuru akakuta 2,000 mezani.

“Baba Nuru, hii ndiyo ya leo?”

“Hali ngumu, mama. Abiria hakuna.”

Lakini jirani anamwona Baba Nuru barabarani hadi saa sita usiku. Mtu anayefanya kazi hadi saa sita usiku na kuleta 2,000, hela nyingine inalala wapi? Katika mitaa yetu swali hilo lina jibu moja tu. Ndani ya wiki rejesho likapata jina la mwanamke. Nyumba ndogo imeshajengwa, imeshapewa mtaa, na shoga yake Mama Nuru anamfahamu hadi dada yake huyo mwanamke.

Mama Nuru si mtu wa kuwalaza watoto na njaa. Naye akaenda kwenye kikundi cha akina mama kinacholetewa mikopo na wakala, akachukua 150,000, arejeshe 45,000 kila wiki kwa wiki nne. Kwenye fomu, sehemu ya dhamana, akaandika friji. Friji lilelile ambalo Baba Nuru alishaliandika kwenye fomu yake.

Jumlisheni sasa. Rejesho la baba ni 10,000 kwa siku. La mama, ukiligawa, ni karibu 6,500 kwa siku. Mchezo 2,000. Hizo ni 18,500 kila siku kabla mtu hajala, katika nyumba inayoingiza 14,500. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuiona hatari hiyo, lakini hakuna mtu katika nyumba ile aliyeweza kuiona, maana kila mmoja alikuwa na nusu ya hesabu.

Na angalieni jinsi ilivyokuwa rahisi kuzuia. Kama Baba Nuru angesema siku ile injini ilipogoma, Mama Nuru angekwenda kwa kijumbe kuomba abadilishiwe namba, apokee mwanzo, na aliyekuwa wa mwanzo angoje. Hayo yanafanyika kila siku kwenye michezo. Wangeweza kukopa nusu. Kwa uchache kabisa, Mama Nuru asingechukua mkopo wa pili. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji Baba Nuru aseme anaingiza kiasi gani kwa siku.

Sasa tusimhukumu haraka. Watu wanaficha fedha kwa sababu, na sababu nyingi ni za watu wenye akili timamu. Ukijulikana unacho, unacho kwa ajili ya ukoo mzima. Leo ni ada ya mtoto wa shemeji, kesho bati limeng'oka kwa babu, keshokutwa binamu anaanza biashara ambayo ni ya tatu mwaka huu. Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima jambo hili katika vijiji vya magharibi ya Kenya, wakachapisha mwaka 2016. Watu walipewa fedha kidogo, wakaambiwa wanaweza kuwekeza sehemu ili ziongezeke. Wengine walijua kwamba walichowekeza na walichovuna kitatangazwa mbele ya watu, wengine kikabaki siri yao. Wanawake ambao ndugu zao walikuwapo, wakijua faida itaonekana, waliwekeza kidogo. Waliona heri wakose faida kuliko ijulikane. Sidhani kuna mwanamke ukumbini humu anayehitaji kufafanuliwa walikuwa wanawaza nini.

Wanaume nao. Nava Ashraf alifanya jaribio Ufilipino, akalichapisha mwaka 2009, kwa watu wenye ndoa. Mwanamume akiachiwa aamue kwa siri, fedha huzipeleka kwenye akaunti yake. Akitakiwa kwanza aongee na mkewe, zinakwenda kwenye akaunti ya mke. Mtu ni yuleyule, fedha ni zilezile, kilichobadilika ni kwamba imebidi waongee. Nawaachia wenyewe mkajadili njiani.

Kwa hiyo mimi si mhubiri wa uwazi wa kila senti. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi kwamba mtu akifunga ndoa mali yake inakuwa ya mwenzake, na inamtwika mume wajibu wa kumtunza mkewe. Kwa Waislamu hilo halina ugeni: matunzo ya mke ni juu ya mume, na mali ya mke ni ya mke. Bibi yangu alikuwa na fedha zake kwenye pindo la kanga, na babu, ambaye hakuwa mtu mpole, hakuthubutu kuuliza. Akiba ya siri ya mke imeokoa nyumba nyingi siku ya ugonjwa. Hata kibubu kina kazi ambayo benki haiwezi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwagawia baadhi ya wanachama wa vikundi vya kupeana zamu huko magharibi ya Kenya kisanduku cha chuma chenye kufuli, waweke akiba ya afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliopewa kisanduku walitumia kwenye kinga ya afya zaidi ya nusu juu ya wenzao wasiopewa. Kufuli lenyewe ni la kawaida. Lakini fedha ikishatengewa kazi, mwenyewe anapata mdomo wa kumwambia mtu, na kujiambia mwenyewe, kwamba hizi zina kazi yake.

Akiba ya siri basi, iacheni. Siri ya akiba ikifichuka, mnagombana jioni moja, kisha mna akiba. Siri ya deni ikifichuka, imefichuliwa na mtu aliyesimama mlangoni na fomu.

Na huyo aliyesimama mlangoni hana habari kwamba mwenzako hakujua. Sheria inaifahamu nyumba: chini ya Sheria ileile ya Ndoa, mume au mke hawezi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana benki inayotaka hati ya nyumba inakuita wewe na mwenza wako mkasaini. Lakini friji, makochi, televisheni na cherehani vinaandikwa kwenye fomu jioni moja, chini ya mwembe, na mtu mmoja. Kwa wapangaji, yaani wengi wetu, hivyo ndivyo mali yote ya familia.

Kuna shauri moja ambalo kila mwanasheria wa ndoa nchini analijua, la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani ililiamua mwaka 1983, na linasifiwa, kwa haki, kwa sababu lilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kupika, kufua, kulea: mchango. Watu husimulia hadi hapo. Hawasimulii kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu. Mumewe aliwahi kumpa fedha kwa ajili ya mradi, fedha zile zikapotea, na mahakama ikaona kwamba alichostahili alikuwa ameshakitumia. Mimi huisoma hukumu ile kwa jicho la mkaguzi wa vitabu. Fedha imetoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya ndoa: ni zawadi, ni matumizi, ni mtaji, au ni deni? Siku inatolewa hakuna anayeuliza, maana kuuliza ni kama kuvunja mapenzi. Baadaye inakuja kuulizwa na hakimu.

Tuseme basi deni ni lipi, kwa sababu mtu ukimuuliza “unadaiwa?” atajibu hapana kwa moyo mweupe kabisa. Anafikiria benki tu.

La dukani halihesabu. Daftari la Mangi lina ukurasa wenye jina lako, umejaa sabuni na mkate, na mwisho wa mwezi ni fedha ya maana. La simu halihesabu pia, kwa kuwa halimfuati mtu mlangoni. Hapa tuna Songesha, Kenya wana Fuliza tangu 2019: unamalizia malipo kwa salio usilokuwa nalo, na fedha yoyote inayoingia kwenye laini inakatwa kwanza. Mke anatuma 10,000 ya dawa ya mtoto, inaingia kwenye simu ya mume, inamezwa, na mume anaona haya kusema kwa nini dawa haijanunuliwa.

Halafu ahadi. Jamani, ahadi! Umepokea kadi ya mchango, umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, mhazini anabandika orodha kila siku, jina lako lina 100,000 upande wa ahadi na sifuri upande wa taslimu. Watu mia mbili wanaiona sifuri hiyo. Hilo ni deni lenye aibu kuliko la benki, na mtu atakopa kausha damu alimalize ili apate kadi ya watu wawili na ajue ataketi meza ipi. Mwenzake nyumbani ameahidi kwenye kamati nyingine. Nimewahi kukaa na wanandoa, wote walimu, tukaorodhesha ahadi zao za michango ya harusi, vipaimara na kumbukumbu za misiba kwa mwezi mmoja wa Desemba. Zilizidi ada ya mtoto wao ya muhula. Walitazamana, kisha mke akaanza kucheka, na mume naye. Nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Januari ile walikata shauri kwamba ahadi itolewe na nyumba, si mtu, na yeyote anayeombwa mchango ajibu, “Ngoja niongee na mwenzangu.” Jibu hilo limewaokolea fedha nyingi kuliko bajeti yoyote, maana waombaji wengine huwa hawarudi.

Na lile linalotuhusu sisi wanaushirika: udhamini. Mfanyakazi mwenzako amekuletea fomu kazini saa saba mchana, umesaini ukila chapati. Akiba yako imeshikiliwa. Akiacha kazi, akihamia asikojulikana, akifa, ushirika unakuja kwako. Niwaulize, na msinyanyue mikono: wangapi hapa wamemdhamini mtu ambaye mwenza wao nyumbani hamjui hata jina? Nimekagua vitabu vya kutosha. Naomba bodi ifikirie kuweka mstari mmoja kwenye fomu ya mdhamini, mahali pa mwenza kusaini kwamba amejulishwa. Amejulishwa tu, si lazima aridhie.

Mazungumzo yenyewe yaendeje? Msifanye siku ya mshahara, maana siku hiyo kila shilingi ina mgombea. Msifanye kwa simu, wala kwa ujumbe wa maandishi, wala mbele ya mama mkwe hata kama ni mama mkwe mwema. Chagueni usiku watoto wamelala na hakuna mgonjwa. Chukueni daftari la shule la kawaida, mchore safu nne: anayetudai, kilichobaki, tarehe ya rejesho, na nani aliyedhamini au ni kitu gani kilichowekwa. Safu ya mapato haipo. Msiichore hata kama mmoja anataka.

Kila mmoja aandike yake kwa mkono wake. Kuandika ni kugumu kuliko kusema, lakini mtu akiandika haingiliwi katikati. Na swali la kuulizana ni “tunadaiwa na nani?” Lile jingine, “ulizipeleka wapi?”, liacheni kwa usiku huo. Najua linawasha. Mwanamke ambaye mwezi mzima ameamini kuna nyumba ndogo, akikuta jina la kampuni ya mikopo badala ya jina la mwanamke mwenzake, anakuwa na hasira na nafuu kwa pamoja. Mpeni muda. Hata mwanamume aliyegundua kwamba friji lake lina wadai wawili, mpeni muda.

Mkimaliza kuandika, kazi ya usiku huo ni kupanga zamu: lipi linalipwa kwanza. Hapa wataalamu watawaambia lile lenye riba kubwa, na kwa hesabu wana haki. Mimi naongeza: tazameni safu ya nne. Deni lenye mdhamini ambaye ni jirani au shemeji lisicheleweshwe, hata kama riba yake ni ndogo, maana mkilichelewesha mnapoteza na mtu wa kumkimbilia siku nyingine. La Mangi nalo lipunguzeni mapema. Mangi ndiye anayewakopesha unga siku ya mvua, na hana riba.

Kuhusu watoto sitakaa sana. Wajue kwamba nyumba inadaiwa, wasijue na nani. Mtoto wa sekondari anaweza kupewa LUKU ya wiki aisimamie, na atazima taa ambazo nyinyi mmepiga kelele miaka mitatu hazikuzimwa.

Nyumba zenye wake wawili zina daftari mbili na mume mmoja, na hapo deni la mume lijulikane kote kuwili kwa kiasi kilekile, vinginevyo kila upande utaamini hela iko upande wa pili. Mama anayelea peke yake, usidhani haikuhusu: daftari lako lisomwe na mtu mmoja, dada yako au mtoto wako mkubwa, mtu atakayejua pa kuanzia.

Nasema atakayejua pa kuanzia kwa sababu ya misiba. Nyote mmehudhuria maziko ambapo msemaji wa familia anasimama na kusema, mwenye kumdai marehemu au anayedaiwa naye awaone ndugu. Katika mirathi ya Kiislamu mpangilio haubadiliki: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Wadai wanajitokeza siku hiyohiyo, na mjane aliyekaa kwenye mkeka anasikia kwa mara ya kwanza majina ya watu na viasi. Wengine ni wakweli, wengine wameona nafasi, na hana karatasi ya kuwatenganisha. Wale wanaodaiwa na marehemu, nimeona, hawana haraka ya kujitokeza.

Swali ambalo najua litaulizwa, bora nilijibu kabla: mwenzangu akikataa, nifanyeje? Andika ya kwako uyasome mwenyewe kwanza, yote, pamoja na ile ya dada yako uliyoapa kutoisema. Usidai yake usiku huo. Wengi huleta baada ya wiki moja au mbili, kwa kipande, wakianza na dogo wapime upepo. Ukilipokea dogo kwa kelele, kubwa hutaliona. Asipoleta kabisa, na dalili unaziona, hela ya matumizi inapungua, simu haipokelewi ikilia jioni, basi jilinde: usisaini udhamini wa mtu yeyote, vitu ulivyonunua kwa fedha yako tunza risiti zake, na mjulishe mjumbe wenu wa mtaa kwamba mali ya nyumba hiyo ina wenyewe wawili. Sheria ya Ndoa pia ilianzisha mabaraza ya usuluhishi ya ndoa. Watu wanayafahamu kama kituo cha lazima kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani, kwa hiyo wanafika wakiwa wameshavunjana. Mwenye deni la kujadili anaweza kwenda hata akiwa bado anampenda mwenzake.

Mwenyekiti, nimemaliza yangu. Kipaza sauti kiko kwa katibu, na naomba tuanze na waliokuja peke yao.